Land Rover 109 ya Pangani: gonga chesisi kwanza, injini baadaye

Swali: Naishi Morogoro. Nimepata Land Rover 109, Series III ya petroli, mwaka 1977. Iko Pangani, kwenye lililokuwa shamba la minazi. Muuzaji anasema injini ilifanyiwa ovahoo mwaka jana, na kwamba bodi ni alumini hivyo haishiki kutu. Nataka niinunue, niirekebishe, halafu Desemba niende nayo na familia Iringa hadi hifadhi ya Ruaha. Niangalie nini? Na gari la umri huu linaiweza safari hiyo?

Jibu: Safari linaiweza, ila si lazima liwe gari hilo. Muuzaji amekusifia injini na bodi, vitu viwili ambavyo fundi yeyote mzuri anaweza kuvirekebisha au kuvibadilisha. Kinachoziua Land Rover za pwani ni chesisi, na chesisi hajaitaja.

Bodi kweli ni alumini. Mwaka 1947 Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa akitumia Jeep ya Willys iliyobaki vitani kwenye shamba lake kule Anglesey, akapata wazo la kutengeneza gari la namna ile. Wakati huo chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza, alumini ikapatikana kwa urahisi zaidi, na gari lilipozinduliwa Amsterdam mwaka 1948 likavalishwa alumini. Lakini ndani ya hilo vazi kuna mifupa ya chuma: chesisi, ukuta unaotenganisha injini na abiria, na nguzo za milango. Tena alumini inapogusana na chuma penye unyevu wa chumvi, zote mbili zinaliwa. Alumini inachanua unga mweupe chini ya rangi, chuma kinaoza kwa ndani. Pangani upepo wa bahari unapuliza mchana kutwa, sasa piga hesabu ya miaka arobaini na kitu.

Nenda na nyundo ndogo, bisibisi kubwa butu, tochi, futi ya kupimia na turubai la kulalia. Futi ni ya kujiridhisha kwanza kwamba gari ndilo unaloambiwa. Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma: 109 ni inchi, yaani karibu sentimita 277. Ukipata kama 223 hiyo ni 88, ile fupi. Ukikuta springi za koili badala ya springi bapa, hiyo ni One Ten, toleo lililofuata, au imeundwaundwa.

Kisha ingia chini. Chesisi ya gari hili ni boksi la bati lililochomelewa pande zote, na maji yakiingia hayana haraka ya kutoka, kwa hiyo kutu inaanzia ndani na wewe unaiona ikishamaliza kazi. Anza na boriti ya nyuma, ile inayobeba ndoano ya kuvutia. Ndiyo huoza kwanza kwa sababu magurudumu yanairushia tope. Gonga kila baada ya sentimita kumi. Chuma kizima kinalia, sauti inakatika safi. Kilichooza kinaitika bubu, kama unagonga debe lenye mchanga, na mara nyingine unga mwekundu unadondoka usoni (vaa miwani). Penye sauti bubu sukuma bisibisi kwa nguvu ya mkono. Ikizama, hapo pana tundu hata kama rangi haijapasuka. Endelea na ile mikono inayotoka pembeni ya chesisi kushika bodi, kisha sehemu zinaposhikwa springi, mbele na nyuma. Hizi za springi ndizo za hatari zaidi. Mkono wa bodi ukikatika utasikia kelele tu. Kishikio cha springi kikikatika ekseli inahama na gari linakwenda linakotaka.

Viraka si dhambi. Kiraka kilichochomelewa kuzunguka pande zote kwenye chuma kizima kinaweza kuishi miaka mingi. Kiraka juu ya kiraka ni habari nyingine. Na ukikuta chesisi imepakwa lami nyeusi mbichi juzi tu, kwangua palipo nene zaidi, maana hakuna anayepaka lami wiki ya kuuza kwa sababu ya mapenzi.

Toka chini, fungua milango ya mbele. Inua mlango kwa mikono miwili huku ukitazama bawaba: nguzo ikicheza, ukuta wa injini umeoza miguuni. Nyanyua mikeka, gonga sakafu ya ukuta pale dereva anapoweka visigino. Ukuta huu unachomeleka, lakini ili ufanywe vizuri inabidi nusu ya mbele ya gari ifunguliwe, na gharama yake inakaribia ile ya chesisi. Vyote viwili vikiwa vimeoza, lihesabu gari kama spea, bei yake ikiwa ya spea. Usidanganyike kwamba utarekebisha taratibu. Afadhali 109 yenye injini iliyokufa iliyokaa Dodoma au Iringa kuliko yenye injini nzima iliyokaa baharini.

Ukiridhika na chini, ndipo uje kwenye hiyo ovahoo. Mwambie muuzaji mapema asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika shika rejeta na mkono. Ikiwa ya moto, ameiwasha ili ikuwakie kirahisi. Mwulize fundi aliyefungua injini maswali mawili: pistoni ni saizi gani, na krenki ilichongwa hadi saizi gani? Aliyefanya kazi kweli anajua, kwa sababu ndiyo namba alizoagizia vipuri. Asiyejua alibadilisha ringi na gasketi, akaiita ovahoo.

Injini hii ni ya sentimita za ujazo 2,286, kama nguvu farasi 70, na ya mwaka 1977 ina beringi kuu tatu za krenki. Za tano zilianza 1980. Ni injini mvumilivu usipoikimbiza. Ikishapata moto, geji ya oili isome kati ya 35 na 65 psi ukiwa gia ya nne kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa. Series III nyingi zina taa tu ya oili, hazina geji, na taa hiyo huwaka wakati umeshachelewa. Fundi aende na geji yake, afunge kwa muda penye swichi ya taa. Halafu pima kompresheni: injini ya moto, plagi zote nne nje, mafuta yamekanyagwa hadi chini. Usihangaike sana na namba yenyewe, tazama tofauti. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi. Isipopanda, valvu au gasketi ya hedi.

Fungua pia nyumba ya themostati iliyo juu mbele ya hedi, utazame kama themostati ipo. Mafundi wengi wa kwetu huitoa wakidhani inaleta joto. Kwenye injini hii ni kinyume. Kuna njia ya pembeni inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na themostati sahihi, yenye sketi (kola ya chuma upande wa chini), huiziba njia hiyo maji yakishapata moto. Ukiitoa, njia inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inazunguka humohumo, na gari linachemka mlimani wakati rejeta ni nzima. Watu wamebadilisha rejeta mbili kwa ugonjwa wa themostati.

Moshi mweusi, harufu ya petroli na injini isiyotulia ukiachia mafuta, kama kabureta ni Zenith, usikimbilie kununua nyingine. Kifuniko cha juu cha Zenith hupinda kwa joto, na ile ringi ndogo ya mpira iliyo ndani hukauka, basi petroli inanyonywa pasipotakiwa. Weka msasa laini juu ya kioo, sugua uso wa kifuniko hadi ung'ae wote sawa, weka ringi mpya. Kazi ya saa moja. Ukiwa hapohapo rekebisha mengine: mwanya wa pointi milimita 0.35 hadi 0.40, mwanya wa valvu zote nane 0.25, mpangilio wa moto 1-3-4-2.

Sasa endesha. Jaribio moja la giaboksi lina uzito kuliko yote: tafuta mteremko, weka gia ya pili, achia mafuta ghafla, gari livutwe na mteremko. Rudia gia ya tatu. Gia ikichomoka yenyewe, boksi imekwisha, na ukumbuke kwamba njia yako ya kurudi kutoka Iringa inashuka mlima Kitonga. Series III ina sinkro gia zote nne za mbele, kwa hiyo gia ikikwaruza ukiingiza ya pili, ama klachi haiachii vizuri ama sinkro imeisha. Hakikisha kwanza silinda ndogo ya klachi haivuji kabla hujaisingizia boksi.

Jaribu na leva za nguvu za magurudumu manne. Kifundo cha njano ukikisukuma chini unapata manne kwa mwendo wa kawaida. Leva nyekundu ikivutwa nyuma, gari likiwa limesimama, unapata manne kwa gia za chini. Ili kurudi magurudumu mawili, vuta nyekundu nyuma kisha irudishe mbele, na cha njano kitaruka juu chenyewe. Kisiporuka, rudi rivasi mita chache ili mkazo kwenye shafti ulegee. Kosa la kawaida ni kutembea na manne kwenye lami: ekseli mbili zinapigana kwa sababu hakuna difu katikati, tairi zinalika na mwisho kitu kinakatika.

Usukani ukiwa mzito kama wa trekta, usiulaumu uzee wa gari. Ndani ya boriti ya mbele ya chesisi kuna kifaa kinachopokea nguvu ya usukani na kuipeleka magurudumuni. Kikikosa oili kinakauka humo ndani, na kukitoa kwenye chesisi yenye kutu ni ugomvi wa siku mbili. Usukani ukiwa mlegevu, kagua vichwa vya tairodi. Viko sita, na kila kimoja kikicheza kidogo unapata robo nzima ya usukani isiyofanya kitu. Tazama pia yale matufe ya chuma yanayong'aa nyuma ya magurudumu ya mbele. Yakiwa na vidonda vya kutu, sili mpya itachanwa ndani ya wiki na oili itatoka. Kila tufe linabeba nusu lita, na likikauka beringi za humo zinafuata.

Breki za mkono zinawachanganya wengi. Hazishiki magurudumu, zinashika shafti inayotoka nyuma ya transfa, ile boksi ya pili nyuma ya giaboksi. Oili ya transfa ikivuja inalowesha ngoma ya breki hiyo na gari halisimami mlimani, hata ukaze waya namna gani. Dawa ni sili. Na kubwa zaidi: ukipiga jeki gurudumu moja la nyuma, breki ya mkono haikusaidii tena, maana difu inaruhusu gurudumu lililo hewani lizunguke na gari kutembea. Weka mawe mbele na nyuma ya gurudumu la upande wa pili, kila mara, hata uwanjani.

Karatasi ni fupi lakini ndizo zinazoliza watu. Namba ya chesisi imegongwa kwenye kishikio cha springi ya mbele, upande wa kulia. Safisha kwa brashi ya waya, linganisha na kadi. Gari la 1977 lina tarakimu nane na herufi moja mwishoni. Ukikuta namba ndefu inayoanza na SALL, hiyo ni ya kuanzia mwishoni mwa 1979, na mmojawapo kati ya kadi na chesisi anadanganya. Namba ya injini nayo ifanane na kadi, hasa siku hizi ambapo 109 nyingi zimevalishwa injini za dizeli za kampuni nyingine. Kwa kuwa gari ni la shamba, soma kadi ina jina la nani. Likiwa la kampuni, unataka barua ya kampuni inayomruhusu huyo kuuza. Likiwa la marehemu, unataka msimamizi wa mirathi. Gari likiwa bado na namba za zamani, nenda TRA (mamlaka ya mapato) kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika nafasi.

Tuseme umelinunua. Usilirudishe Morogoro kwa kuliendesha siku hiyohiyo, lipakie kwenye lori au mwite fundi Pangani. Kabla ya safari yoyote badilisha mipira mitatu ya breki, miwili ya mbele na mmoja wa nyuma, hata kama kwa nje inaonekana mizima. Mpira mkongwe huvimba ndani na kuziba, breki inashika haiachii. Maji ya breki yamwagwe yote yawekwe mapya. Oili: injini lita 6 na karibu lita moja zaidi kwa filta, giaboksi lita moja na nusu, transfa mbili na nusu, difu ya mbele moja na robo tatu. Kwa difu ya nyuma angalia umbo. Yenye kifuniko cha duara kilichofungwa kwa bolti nyuma ni Salisbury, imara, inabeba lita mbili na nusu. Isiyo nayo ni ya Rover kama ya mbele, na hiyo ndiyo hukata shafti. Kama ni ya Rover, beba shafti moja ya akiba. Ikikatika njiani, toa vipande, funga habu za mbele kama zina swichi, sukuma cha njano, nenda nyumbani taratibu ukivutwa na magurudumu ya mbele.

Spana za milimita hazitoshi. Nati za gari hili nyingi ni za inchi. Spana ya 13 inakubali ya nusu inchi, ya 19 inaingia ya robo tatu, ya 16 inaingia ya tano kwa nane. Ya 9/16 haina ndugu: 14 haiingii, 15 inalegea na kula kona za nati. Nunua hiyo peke yake kama huna hela ya seti nzima. Vingine vya kubeba ni fenibelti, mipira ya rejeta ya juu na chini, pointi, kondensa na rota, kiwambo cha pampu ya petroli, krosi moja ya propela shafti, chupa ya maji ya breki, lita mbili za oili na lita 20 za maji.

Kuhusu Desemba, nakushauri usogeze. Ruaha mvua zinakuwa zimeanza, udongo unanata na mito ya mchanga inajaa ghafla. Juni hadi Oktoba barabara ni kavu na wanyama wanakusanyika mtoni, nawe unapata miezi ya kulizoea gari kwa safari fupi za Mvomero na Kilosa.

Morogoro hadi Iringa ni karibu kilomita 310. Gari hili likiwa na mzigo linakula lita moja kwa kilomita tano na nusu hivi, na tanki la chini ya kiti ni lita 45 tu. Huwezi kufika bila kuongeza, basi jaza Mikumi mjini. Tembea 70 hadi 75. Ndani ya hifadhi ya Mikumi mwisho ni 70 mchana na 50 usiku, ila usiku usiwepo hapo kabisa kwa taa za gari hili. Upepo wa tairi za 7.50-16 uwe psi 25 mbele na 36 nyuma ukiwa umepakia. Ruaha Mbuyuni pumzika, gari lipoe, nunua vitunguu ukirudi na si ukienda, kwa sababu mbele yako ni Kitonga. Panda kwa gia ya pili tangu chini, usingoje injini ikohoe. Joto likipanda, simama penye nafasi na uiache injini iungurume bila kukanyaga mafuta. Ukiizima ghafla maji yanasimama na hedi ndiyo inayolipa. Kifuniko cha rejeta usikiguse.

Kushuka ni kugumu kuliko kupanda, kwani gari lina ngoma nne na hakuna diski. Ingia gia ya pili kabla ya kona ya kwanza, acha injini ishike, kanyaga breki kwa nguvu kidogo kisha achia kabisa zipoe. Ukizigandamiza mfululizo zinapata moto, maji ya breki yanachemka na pedali inakwenda chini bila kitu. Malori yakikupigia honi, waache wapige.

Iringa mjini jaza tanki na madumu mawili ya lita 20. Kwenda Msembe, makao makuu ya hifadhi, na kurudi ni kama kilomita 260, na kuzunguka ndani utaongeza 100 au zaidi. Kwa barabara ya vumbi hesabu kilomita tano kwa lita: zaidi ya lita 70. Madumu yafungwe nje au nyuma kabisa, si chumba kimoja na watoto. Na watoto wenyewe wasikae yale mabenchi ya pembeni yanayotazamana. Fundi akufungie viti viwili au vitatu vinavyotazama mbele, mikanda ishikwe kwenye chuma cha chesisi na si kwenye alumini ya bodi, ambayo bolti itaipasua kama karatasi siku ya kwanza ukifunga breki kwa nguvu.